Waifai Inayosuasua Nyumbani: Jua Penye Tatizo Kabla ya Kutoa Pesa

Intaneti ya nyumbani ikianza kusumbua, wengi wetu hukimbilia moja ya mambo matatu: kuchomoa ruta na kuichomeka tena, kununua kifurushi kikubwa zaidi, au kumpigia mtoa huduma kwa hasira. Kila moja lina wakati wake. Ubaya ni kuyafanya kwa kubahatisha. Familia inapandisha kifurushi kutoka Mbps 10 hadi 30, inalipa zaidi kila mwezi, na bado chumba cha nyuma hakishiki mtandao, kwa sababu kilichokuwa kinazuia ni ukuta. Mwingine ananunua ruta mpya kumbe kilichochoka ni adapta ya umeme, kifaa cha bei ndogo kuliko vyote.

Mwongozo huu unakupa utaratibu wa kulitafuta tatizo mpaka ulipate. Si lazima uwe fundi. Unahitaji simu janja, kompyuta kama ipo, waya mmoja wa mtandao, daftari, na subira ya siku chache.

Njia ina vipande vinne

Ukifungua video kwenye simu yako, data hupita sehemu nne. Ya kwanza ni kifaa chenyewe: simu, kompyuta au televisheni. Ya pili ni hewa iliyo kati ya kifaa hicho na ruta, na ndani yake kuta, milango na waifai za majirani. Ya tatu ni ruta pamoja na umeme unaoilisha. Ya nne ni njia ya mtoa huduma: faiba inayoingia ndani, au mnara wa simu kwa ruta za laini, au dishi la setilaiti, na mbele ya hapo mikongo inayopita chini ya bahari.

Watu huita vyote vinne kwa jina moja, "mtandao", na ndiyo maana tiba huenda kombo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko. Siku ile hata ungebadilisha ruta mara tatu usingepata nafuu. Lakini siku nyingi mkongo uko salama, mtoa huduma hana kosa, na kinachokukwamisha kiko ndani ya nyumba yako. Kazi yako ya kwanza ni kujua umesimama kwenye kipande kipi.

Maswali manne kabla hujagusa kitu

Je, kinachosumbua ni kifaa kimoja au vyote? Kama simu ya mama inafungua kila kitu na kompyuta yako peke yake ndiyo inayokwama, iache ruta, shughulika na kompyuta.

Je, ni chumba kimoja au nyumba nzima? Sebuleni kukiwa kuzuri na chumbani kukiwa kubaya, tatizo ni umbali au kuta.

Je, ni saa zote au saa maalumu? Mtandao unaokuwa mzuri alfajiri na kuharibika kuanzia saa moja hadi saa nne usiku unaashiria msongamano, ama wa mtaa mzima kwa mtoa huduma, ama wa waifai za majirani wote waliorudi kazini.

Je, unakatika kabisa au unapungua kasi? Kukatika kabisa na kurudi baada ya dakika mbili tatu mara nyingi kunatokana na umeme, adapta au waya wa faiba. Kusuasua bila kukatika mara nyingi kunatokana na mawimbi dhaifu au watumiaji wengi.

Yaandike majibu. Kwa siku mbili au tatu, kila mtandao unapokwama, andika saa, chumba, kifaa, na taa zilizokuwa zinawaka kwenye ruta. Daftari hilo litakusaidia wewe, na litamsaidia fundi wa mtoa huduma endapo utamhitaji.

Soma taa

Ukiwa na faiba, angalia kile kisanduku ambacho waya mwembamba wa faiba umeingia. Majina na mpangilio wa taa hutofautiana kwa watengenezaji, lakini kwenye visanduku vingi utakuta PON na LOS. Hali njema ni hii: PON imewaka kijani bila kupepesa, na LOS imezimika kabisa. Ukiona LOS inawaka au kupepesa nyekundu, maana yake mwanga unaobeba data haufiki kwenye kisanduku. Hapo usihangaike na neno la siri wala mipangilio.

Fuata waya ule kwa macho, toka ukutani mpaka kwenye kisanduku. Faiba ni uzi wa kioo. Ukikunjwa kwa kona kali nyuma ya kochi, ukibanwa na mguu wa kabati au ukifungwa fundo ili usionekane, mwanga hupotea. Unyooshe taratibu, uache mizunguko mipana, kisha hakikisha kichwa chake, ambacho mara nyingi ni cha kijani, kimeingia mpaka mwisho. Usichungulie ncha ya waya huo kamwe: mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini ni mwanga wa leza na unaweza kudhuru jicho. LOS ikibaki nyekundu, huenda waya umekatika mahali fulani, pengine juu ya nguzo nje, na hiyo ni kazi ya mtoa huduma.

PON ikipepesa bila kutulia, kisanduku kinatafuta mawasiliano na upande wa pili bila kuyapata. PON ikiwa imetulia lakini taa ya intaneti imezimika au ni nyekundu, anza kwa kuangalia kama kifurushi kimeisha au malipo hayajaingia.

Kwa ruta ya laini, tazama taa za nguvu za mnara. Zikiwa moja au mbili tu, hama nayo kabla ya jambo lingine lolote. Mahali pa kuhamia tutapaeleza.

Kipimo kinachotenganisha nje na ndani

Hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote. Chukua waya wa mtandao, chomeka upande mmoja kwenye tundu la LAN la ruta, upande wa pili kwenye kompyuta, kisha zima waifai ya kompyuta. Tumia intaneti kwa nusu saa. Ikiwa kwa waya mambo yanakwenda vizuri na kwa waifai yanakwama, njia ya mtoa huduma ni nzima na tatizo liko hewani. Ikiwa hata kwa waya inakwama, tatizo liko kwenye ruta au nje ya nyumba.

Kama huna kompyuta yenye tundu la waya, simama na simu mita mbili kutoka kwenye ruta, bila ukuta katikati, na uwaombe wengine wazime waifai kwenye simu zao kwa muda. Si kipimo kamili kama cha waya, lakini kinatosha kukuonyesha njia.

Unaweza kwenda mbele zaidi kwa amri ya ping, ambayo hutuma ujumbe mdogo na kupima unachukua muda gani kurudi. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kisha andika:

ping -n 50 192.168.1.1

Hiyo ni anwani ya ruta. Nyingine hutumia 192.168.0.1, 192.168.8.1 au 192.168.100.1, tazama stika iliyo chini ya ruta yako. Ujumbe usiotoka nje ya nyumba unapaswa kurudi ndani ya milisekunde chache, na usipotee hata mmoja. Ukiona 3, 4, 2, halafu 600, halafu hakuna jibu, na mbele yako ni ruta yako mwenyewe, jua kwamba mtoa huduma bado hajahusika. Tatizo ni hewa ya nyumbani au ruta.

Kisha pima nje:

ping -n 50 8.8.8.8

Hiyo ni anwani ya Google. Namba zitakuwa kubwa zaidi kwa sababu ujumbe unasafiri mbali. Cha kuangalia ni utulivu wake. Ruta ikijibu vizuri huku 8.8.8.8 ikirukaruka kutoka 40 hadi 900 au ikipoteza majibu, tatizo liko nje. Na ikiwa 8.8.8.8 inajibu vizuri lakini tovuti hazifunguki, huenda kasoro iko kwenye DNS, huduma inayobadilisha majina ya tovuti kuwa namba. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya kifaa chako au ya ruta, weka DNS ya 8.8.8.8 au 1.1.1.1, ujaribu tena.

Kasi unayolipia ni kasi gani?

Hapa wengi huumia bila sababu. Kifurushi huuzwa kwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde, lakini faili kwenye kompyuta hupimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo kifurushi cha Mbps 20, kikiwa kizima kabisa, kitashusha megabaiti 2.5 kwa sekunde, na faili la GB 1 litachukua karibu dakika saba. Hujaibiwa.

Video ya ubora wa HD hutaka takriban Mbps 5, na simu ya video hutaka chini ya hapo. Nyumba yenye Mbps 10 zilizotulia inaweza kuangalia filamu moja na kufanya mkutano mmoja kwa wakati mmoja. Mbps 40 zinazokatika kila dakika kumi hazifai kwa mkutano hata mmoja. Tafuta utulivu kwanza, kasi iongezwe baadaye.

Soma pia masharti ya kifurushi chako. Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo vina kiwango ambacho ukikipita kasi hupunguzwa mpaka mwezi uishe. Kama mtandao wako ni mzuri tarehe 1 hadi 20 na unakufa tarehe 21, hakuna ruta itakayouponya.

Umeme na joto

Ruta inayojizima na kujiwasha yenyewe, taa zote zikifa kwa pamoja kisha kurudi moja moja, ina shida ya umeme. Anza na adapta. Ikamate: ikiwa inaunguza mkono, au kichwa chake kinalegea kwenye tundu, iweke kwenye orodha ya washukiwa. Soma maandishi yake. Kama ruta inataka volti 12 na ampea 1.5, adapta mbadala lazima iwe na volti 12 zilezile na ampea zisizopungua 1.5. Ampea zikizidi si tatizo. Volti zikizidi unaiunguza ruta, na ampea zikipungua ruta itawaka vizuri ikiwa haina kazi, kisha itaanguka jioni vifaa vyote vinapoingia.

Umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo huua ruta polepole. Ukikatika, chomoa, ukirudi na kutulia, chomeka. Kama unaweza kutenga fedha, nunua UPS ndogo ya ruta yenye betri na toleo la volti zilezile za ruta yako. Ukiwa na faiba na kisanduku chake ni tofauti na ruta, vyote viwili vipate umeme huo, la sivyo waifai itaonekana kwenye simu huku hakuna intaneti ndani yake.

Halafu joto. Nenda sasa hivi ukaangalie ruta yako. Katika nyumba nyingi imekaa juu ya king'amuzi kinachotoa moto, imefunikwa na kitambaa cha kupambia, matundu yake ya hewa yamejaa vumbi. Ruta ni kompyuta ndogo inayofanya kazi saa 24 bila kupumzika. Ikizidiwa na joto hukwama na kukatakata. Ondoa kitambaa, ishushe kutoka kwenye king'amuzi, ifute vumbi kwa brashi kavu, iache ipumue. Marekebisho haya hayagharimu hata shilingi.

Mahali pa kuiweka

Fundi aliyekufungia ruta aliiweka pale waya ulipoingilia, mara nyingi kwenye kona ya sebule, nyuma ya televisheni, karibu na sakafu. Pale palimrahisishia yeye kazi. Mawimbi ya ruta iliyo konani yanaishia uani na kwa jirani, na chumba cha mwisho kinapata mabaki.

Mahali pazuri ni karibu na katikati ya nyumba, juu kwa kimo cha mtu, pasipofunikwa na kitu. Mawimbi hupita mlango wa mbao na dari ya jipsamu kwa urahisi. Yanadhoofika kwenye ukuta wa matofali ya saruji, na yanadhoofika zaidi kwenye zege lenye nondo. Chuma huyarudisha yalikotoka: mabati, jokofu, mlango wa geti, kabati la chuma, hata kioo kikubwa cha kujitazamia, kwa sababu nyuma yake kimepakwa madini. Maji huyanyonya, kwa hiyo usiiweke nyuma ya tangi. Wakazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Lamu wanaijua shida hii kuliko wengine: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, zinazoituliza nyumba wakati wa joto, huzima waifai ndani ya vyumba viwili tu.

Antena ya kijiti husambaza mawimbi kwa ubavu, si kwa ncha. Kwa nyumba ya chini zisimamishe wima zote. Kwa nyumba ya ghorofa, simamisha moja na uilaze nyingine ili mawimbi yake yafike juu na chini.

Pima kazi yako. Pakua programu ya kupima nguvu za waifai kwenye simu ya Android, kisha tembea chumba kwa chumba. Utaona namba hasi zinazopimwa kwa dBm. Hasi 50 ni nzuri sana. Hasi 67 bado inatosha mkutano wa video. Ukifika hasi 75 mambo yanaanza kusuasua, na kwenye hasi 85 simu itaonyesha waifai ipo lakini haitafungua kitu cha maana. Kila namba inaposhuka kwa kumi, nguvu inapungua mara kumi, kwa hiyo kusogeza ruta mita tatu kunaweza kuokoa chumba kizima. Andika namba za kila chumba, sogeza ruta, pima tena. Ukipata mahali bora na waya haufiki, mwombe fundi aurefushe. Gharama yake kwa kawaida haifiki ya ruta mpya.

Ruta ya laini ina mahitaji mawili yanayovutana: ione mnara vizuri, na ifike vyumbani. Upe mnara kipaumbele. Jaribu dirisha baada ya dirisha, juu kadiri iwezekanavyo, mbali na mabati. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta utafute namba iitwayo RSRP, inayoonyesha nguvu ya mawimbi ya mnara. Karibu na hasi 80 ni njema. Ikipita hasi 110 utateseka. Kwa watumiaji wa dishi la setilaiti, kizuizi kikubwa ni miti na majengo: tawi la mwembe lililoota mwaka huu linaweza kuleta mikatiko ambayo mwaka jana haikuwepo.

Hewa iliyojaa

Waifai hufanya kazi kama baraza lenye adabu: mmoja akisema, wengine hunyamaza wakisubiri zamu. Simu yako, televisheni yako, na ruta za majirani walio kwenye chaneli ileile wote wanasubiriana. Katika ghorofa za Kariakoo au Eastleigh, ambako simu moja inaweza kuona mitandao ishirini, kusubiri huko ndiko kunakoua kasi.

Ruta nyingi za sasa zina masafa mawili. Masafa ya GHz 2.4 hufika mbali na kupenya kuta, lakini yamejaa: yanabeba waifai, Bluetooth, na yanavurugwa na oveni ya maikrowevu, ambayo hufanya kazi kwenye masafa hayohayo. Kama intaneti yako hukatika kila mara mtu anapopasha chakula, umempata mkosaji. Masafa ya GHz 5 yana nafasi kubwa na kasi zaidi, ila huchoka mapema kwenye kuta.

Weka mgawanyo. Televisheni na kompyuta zilizo chumba kimoja na ruta ziende GHz 5. Simu za chumba cha mbali zibaki GHz 2.4. Ikiwa ruta inayachanganya chini ya jina moja na vifaa vinachagua vibaya, ingia kwenye mipangilio uyape majina mawili tofauti.

Kwenye GHz 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Tumia ileile programu ya simu kuona ipi ina majirani wachache wenye nguvu. Usidhani utakuwa mjanja kwa kuchagua 3 au 4 iliyo tupu: hapo utavurugana na walio kwenye 1 na walio kwenye 6. Na upana wa chaneli uache MHz 20. MHz 40 katika jengo lenye watu wengi huleta fujo tu.

Nani anatumia?

Fungua ukurasa wa ruta uangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Vihesabu, uvitambue kimoja kimoja. Ukikuta vifaa usivyovitambua, huenda neno la siri limesambaa: mgeni alipewa, mgeni akampa mwenzake. Libadilishe, chagua usalama wa WPA2 au WPA3, zima WPS, na ubadilishe pia neno la siri la kuingilia ukurasa wa ruta, maana lile la kiwandani linajulikana na kila mtu.

Kisha angalia kazi zinazofanyika kimyakimya. Simu inayopakia picha na video 500 za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni hujaza njia ya kupandisha, na njia hiyo ikijaa hata kufungua ukurasa mdogo kunakuwa kwa taabu. Kompyuta inayoshusha sasisho hufanya hivyo upande wa kushusha. Panga kazi hizo zifanyike usiku wa manane.

Kama ni kifaa kimoja tu kinachosumbua, kiambie kisahau mtandao, kisha unganisha upya. Zima VPN. Hakikisha tarehe na saa ni sahihi, maana kifaa chenye tarehe potofu hukataa kufungua tovuti salama. Ukiona kompyuta imepewa anwani inayoanza na 169.254, ujue haikupata anwani kutoka kwenye ruta. Zima na uwashe vyote viwili.

Kuzima na kuwasha si sawa na kufuta

Kuzima ruta kwa sekunde 30 na kuiwasha ni jambo jema. Huondoa mikwamo midogo. Kama kisanduku cha faiba ni tofauti, washa hicho kwanza, subiri PON itulie, ndipo uwashe ruta. Lakini ukihitaji kufanya hivyo kila siku, unafunika tatizo tu.

Kile kitundu kidogo nyuma ya ruta kinachobonyezwa kwa sindano ni jambo tofauti. Kinarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Kwa wateja wengi wa faiba, jina na neno la siri la kuingilia kwa mtoa huduma vinafutika papo hapo, na bila hivyo huna intaneti mpaka fundi aje. Usikiguse kabla hujapiga picha kurasa zote za mipangilio na kuuliza kama unazo taarifa hizo.

Ukiamua kununua

Baada ya kupima, ikibainika kwamba nyumba ni kubwa kuliko ruta, nunua kwa mpangilio huu. Bora kuliko vyote ni waya wa mtandao wa Cat5e au Cat6 uliovutwa mpaka upande wa pili wa nyumba na kufungwa kituo cha waifai huko. Waya huo unaweza kufika mita 100, na hauna habari na kuta wala majirani. Wa pili kwa ubora ni mfumo wa mesh, wenye vituo viwili au vitatu vinavyoshirikiana. Wa mwisho ni kirudishia mawimbi kinachochomekwa ukutani. Hiki ni cha bei nafuu, lakini chenye redio moja hupunguza kasi hadi karibu nusu kwa sababu hupokea na kutuma kwa zamu. Na wengi hukiweka pabaya, ndani ya chumba kisichoshika mtandao. Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo simu bado inasoma hasi 65 hivi, kwa maana hakiwezi kurudia kisichokisikia.

Ukimpigia mtoa huduma

Vipimo vikionyesha kosa liko nje, piga simu ukiwa na ushahidi. Badala ya kusema "mtandao wenu mbovu", sema hivi: "Tangu Jumatatu intaneti inakatika kati ya saa moja na saa tatu usiku. Nimeunganisha kompyuta kwa waya. Ruta inajibu ndani ya milisekunde mbili, lakini kwenda 8.8.8.8 katika majaribio 50 yanapotea 14. Taa ya PON imetulia, LOS imezimika." Anayepokea simu hatakuwa na sababu ya kukuambia uzime na kuwasha. Omba namba ya malalamiko, uiandike pamoja na tarehe. Ukizungushwa bila kupata suluhisho, una haki ya kupeleka lalamiko kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, na namba hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ulianza kwa mtoa huduma.

Ukitaka kuanza leo, fanya mambo manne yasiyo na gharama: ondoa kitambaa juu ya ruta, nyoosha waya wa faiba, badilisha chaneli, na pima kwa waya. Mpaka hayo manne yawe yamefanyika, usitoe hata senti kwa kifurushi kikubwa wala ruta mpya.